Mpelelezi Sugu na Dola: Safari ya Kiuandishi ya Ben Mtobwa

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kuipita riwaya ya upelelezi kwa haraka. Huiita "pendwa", huitengea aya moja ya kuorodhesha waandishi na vitabu, kisha hurejea kwenye riwaya "dhati". Uainishaji huo una manufaa yake, lakini unafunika swali la msingi: mpelelezi wa Kiswahili anamtumikia nani? Makala haya yanalichunguza swali hilo katika kazi za Ben R. Mtobwa (1958–2008), mzaliwa wa Kigoma, mwandishi wa habari na mchapishaji. Hoja kuu ni kwamba uhusiano wa Joram Kiango, mhusika wake mashuhuri, na dola ndio uliompa uhai mhusika huyo, na ndio uliomwekea mipaka.

Mtobwa hakuanza na uwanja mtupu. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alikuwa amekwisha kumleta Bwana Msa, mwungwana wa Unguja afumbuaye mafumbo kwa kiko na hoja. Faraji Katalambulla aliuhamishia upelelezi mikononi mwa polisi katika Simu ya Kifo (1965). Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), alimwumba Willy Gamba, jasusi anayepigana kwa niaba ya serikali na ya ukombozi wa Afrika. Watatu hawa wanatofautiana sana kwa silaha na mwendo. Hata hivyo, wote wanaafikiana juu ya jambo moja: jamii ina mpangilio ulio sawa, uhalifu umeutibua, na kazi ya mpelelezi ni kuurejesha.

Riwaya ya mpelelezi sugu, kama ilivyokuzwa Marekani na Dashiell Hammett na Raymond Chandler tangu miaka ya 1920 na 1930, iliukana mwafaka huo. Ndani yake polisi huweza kuwa wala rushwa, matajiri ndio chanzo cha uoza, na mpelelezi ni mtu wa kukodiwa ambaye hana mali ila msimamo wake. Humkamata mwuaji mmoja. Mji hubaki vilevile. Ugumu wake, basi, si ngumi na bastola pekee. Ni hali ya mtu asiyetegemea taasisi yoyote imlinde.

Kwa mtazamo huu, kumbuni Joram Kiango katika Tanzania ya miaka ya 1980 kulikuwa ni kitendo cha ujasiri. Tangu Azimio la Arusha la 1967, njia kuu za uchumi zilikuwa mikononi mwa dola, na utumishi wa umma ndio uliokuwa kipimo cha uadilifu. Katika mazingira hayo Mtobwa anamweka kijana mtanashati, mpelelezi wa kujitegemea, mwenye ofisi yake, katibu wake Neema Iddi, na starehe zake asizozionea haya. Inspekta Kombora wa polisi humhitaji huku akimtilia mashaka. Mvutano wa wawili hawa unabeba maana kuliko mapigano yote: kila Kombora anapomwendea Joram, riwaya inakiri kwamba dola imeshindwa kujilinda.

Lakini ungamo hilo halifikishwi mwisho. Hatari inapokua, Joram hugeuka kuwa askari wa taifa. Katika Tutarudi na Roho Zetu? (1987) adui ni utawala wa makaburu wa Afrika Kusini, na mpelelezi binafsi anaifanya kazi ambayo Willy Gamba angeifanya kwa amri ya wakubwa wake. Shabaha ni tukufu, na wasomaji wa wakati ule waliihitaji. Hata hivyo, kisanaa kuna gharama: uovu unapotoka nje ya mipaka, maswali juu ya uovu wa ndani huahirishwa. Joram anabaki sugu kwa mwili; kwa fikra amekwisha kusilimishwa.

Suala la lugha nalo halitengani na hili. Kiswahili cha Abdulla kimejaa methali, utani na madaha ya Unguja, na msomaji wa bara hupoteza mengi humo. Kiswahili cha Mtobwa ni cha mtu wa bara: sentensi fupi, kitenzi mbele, tashbihi chache zinazochoma upesi. Msomaji wa Suna, huko Migori, anayezungumza Kijaluo nyumbani na kukipata Kiswahili shuleni na katika biashara za mpakani, hahitaji mfasiri. Wepesi huu, unaodharauliwa kuwa ni uchache wa sanaa, ni mtindo unaolingana na mhusika asiye na ukoo wala mtaa wa kumtambulisha.

Mtindo huo ulipata uwanja wake kamili katika Dar es Salaam Usiku (1990), iliyochapishwa Dar es Salaam, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka 1999. Hapa Joram hayupo. Kuna mji, fedha, mapenzi yanayouzwa na yasiyouzika, lakini hakuna mtu wa kuja kufumbua fumbo na kuwatuliza raia. Ni ajabu, lakini ni kweli: Mtobwa aliikaribia zaidi roho ya riwaya sugu alipomwacha mpelelezi nje.

Ikiwa hoja hii inakubalika, mpaka kati ya riwaya pendwa na riwaya dhati hauna budi kupimwa upya. Si kwa sababu kila kitabu chenye bastola kinastahili kufundishwa, bali kwa sababu suala la nani analinda raia pale mlinzi anaposhindwa ni suala zito. Katika vitabu vya Mtobwa, suala hilo liliwafikia wasomaji ambao riwaya dhati haikuwafikia.