Anayehesabu Blanketi

Asubuhi za Nyamira, katika milima ya Gusii nchini Kenya, zina baridi. Mtoto hufikishwa zahanati akiwa amevishwa sweta mbili na kufunikwa blanketi, na uchunguzi wa kifua huharibika kabla haujaanza. Mhudumu hutazama blanketi likipanda na kushuka, akaandika namba.

Mwongozo unaofuatwa, wa Shirika la Afya Duniani, ni mwepesi kuukariri. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua kasi, dalili ya nimonia; wa mwaka 1 hadi kabla ya 5, mara 40. Aliye chini ya miezi 2 kiwango chake ni 60, na hesabu hurudiwa, kwa sababu mtoto mchanga huharakisha, husita, kisha huharakisha tena.

Wengi huhesabu sekunde 15 wakazidisha kwa nne. Hapo ukikosea pumzi mbili, umekosea nane: mtoto wa miaka miwili mwenye pumzi 36 anaandikiwa 44, anarudi nyumbani na dawa ya amoksisilini asiyoihitaji. Hesabu dakika nzima, mtoto ametulia mapajani mwa mama, kabla hujamgusa kwa kipimajoto wala stetoskopu. Akianza kulia, ngoja. Na pua ikizibwa na kamasi, isafishwe kwanza.

Kisha funua nguo mpaka chini ya mbavu. Kwa kawaida mtoto akivuta pumzi, kifua na tumbo huinuka pamoja. Mbavu za chini zikibonyea ndani kila anapovuta, mapafu yamekuwa magumu kujaa hewa. Nyama za katikati ya mbavu zikinyonywa peke yake, hiyo si dalili inayotafutwa hapa, ingawa huwababaisha wengi.

Ugumu mkubwa wa Gusii ni malaria, ambayo milimani huku huweza kulipuka baada ya masika. Nayo huleta homa na pumzi za kasi, na kipimo kikionyesha malaria, nimonia haijaondolewa. Msikilize tena. Kifua kikiwa safi, mbavu hazibonyei, lakini mtoto anavuta pumzi za kina kama aliyepanda mlima mbio, huenda asidi imezidi damuni kwa malaria kali, na mwili unapumua ili kuipunguza. Huyo ni wa kupelekwa hospitali ya rufaa ya Kisii mara moja, akiwa na blanketi lake.