Jalada la Mwalimu McCourt

Siku yake ya kwanza kazini, mwalimu anakuta sandwichi sakafuni. Mwanafunzi mmoja kamrushia mwenzake. Mwalimu hajui aseme nini, basi anaiokota na kuila. Darasa zima kimya. Ni mwaka 1958, katika shule ya ufundi ya Staten Island, New York, na mwalimu mwenyewe ni Frank McCourt.

Wengi wetu tunamjua kwa Angela's Ashes, kitabu cha utoto wake wa ufukara huko Limerick, Ireland, kilichompatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1997. Teacher Man kilitoka 2005, naye akiwa ameshastaafu baada ya takriban miaka 30 ya kufundisha. Kitabuni anapiga hesabu: vijana kama 12,000 wamepita mbele yake. Halafu anaiacha namba hiyo na kuendelea kusimulia. Alifanya vyema. Elfu kumi na mbili inatuambia kwamba mtu alichoka. Haituambii kama kuna aliyejifunza kitu.

Lakini si kila hadithi inathibitisha kazi kwa kiwango kimoja. Maarufu zaidi ni ile ya barua za udhuru. McCourt anagundua kwamba wanafunzi wake, wasiotaka kuandika insha hata kwa kubembelezwa, ni mafundi wa kughushi barua za wazazi. Basi anawapa zoezi: mwandikieni Mungu barua ya kumwombea udhuru Adamu. Kalamu zinakimbia. Mkuu wa shule anaingia na afisa elimu, mwalimu anajua kibarua kimeota nyasi, kumbe anapewa sifa, na zitaandikwa kwenye jalada lake!

Nilishangilia, sikatai. Niliporudia kusoma, nikasita. Hadithi imenyooka mno: darasa gumu, wazo la werevu, pongezi za wakubwa. Ndiyo aina ya kisa ambacho mwalimu yeyote angekipeleka kwenye usaili wa kazi. Na wanafunzi je? Wamebaki waitikiaji tu. Mwimbaji ni mmoja.

Sasa linganisha na mvulana mmoja ambaye kila mwalimu alikuwa akimsukumia mwenzake. McCourt anampa kazi ya kusafisha vichupa vya rangi vilivyosahauliwa, na kijana anatulia navyo. Baadaye anaingia jeshini na kupotea katika vita vya Vietnam. Mama yake anakuja shuleni kumwona mwalimu. Hebu niambie, hapo utajaza nini kwenye fomu ya tathmini? Hakuna alama iliyopanda. Hakuna aliyeokolewa, wala McCourt hadai hivyo. Ila ukurasa huo ulinishawishi kuliko barua ya afisa elimu, kwa sababu kijana yule ana uzito wake mwenyewe. Hayupo pale ili mwalimu ang'ae.

Ndivyo ilivyo pia kwa msichana mmoja mkorofi anayehama mji ghafla. Habari zake zinamfikia mwalimu kwa mzunguko, kupitia barua aliyomwandikia rafiki yake: anataka kuwa mwalimu wa watoto wadogo. Basi, imetoka hiyo. Matunda ya kazi yamekuja yamechelewa, tena hayakuletwa kwake.

Lawama yangu kwa McCourt ni moja. Anajishusha mara nyingi mno. Kila baada ya kurasa chache anajiita aliyeshindwa, na baada ya muda unahisi anangoja umbishie. Kujidharau nako kunaweza kuwa njia ya kuomba makofi.

Hata hivyo kitabu kinasimama. Mwalimu anayetaka kueleza miaka yake kazini angeweza kuanza na kikao kile cha mama na vichupa vya rangi, aone ni kipi kati ya visa vyake kinaweza kukaa jirani nacho bila kuona haya.