Mistari 221 Iliyofutwa

Mkufunzi hakupaswa kuishika ile kompyuta. Nalisema mapema kwa sababu tangu mafunzo ya R, programu ya takwimu, yamalizike hapa Kisii sifa zimekuwa nyingi, na kosa la siku ya pili halitajwi na mtu.

Waliokuwa ukumbini wanakumbuka. Mtafiti mmoja kutoka upande wa Nyamira alikuja na rekodi za mvua ya kila siku, mwaka mzima, akitaka kuzilinganisha na kilo za majani mabichi ya chai. Tarehe zake zilianza na siku, kama tunavyoandika sote. Amri aliyotumia ikazisoma kana kwamba zinaanza na mwezi. Safu ikajaa NA, alama ya R kwa thamani inayokosekana. Akainua mkono. Mkufunzi akaja, akaivuta kompyuta upande wake, akaandika na.omit, amri inayofuta kila mstari wenye NA, NA zikatoweka, mchoro ukatokea ukutani, watu wakapiga makofi. Haikufika dakika moja.

Sasa tuhesabu. Hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo kila tarehe kuanzia 13 hadi mwisho wa mwezi iligeuka NA. Katika mwaka wa siku 365 zinabaki siku 12 kwa kila mwezi, yaani 144. Mistari 221 ikafutwa. Na hizo 144 nazo hazikupona: 5 Aprili ilisomwa 4 Mei, 3 Novemba ikawa 11 Machi, na ni tarehe 12 tu, kama 1 Januari na 2 Februari, zilizobaki mahali pake. Kila mwezi wa mchoro ule ulikuwa mkusanyiko wa siku moja moja zilizochotwa katika miezi yote ya mwaka. Ndiyo maana mstari ulilala karibu sawa kutoka Januari hadi Desemba.

Mkufunzi akaeleza kwamba nyanda hizi hupata mvua mwaka mzima. Ukumbi ukakubali, kwa kuwa maneno hayo yana ukweli ndani yake. Lakini Aprili yetu haifanani na Januari! Yeyote aliyewahi kupanda mahindi Keroka angeuliza masika yamekwenda wapi.

Zile NA ndizo zilizokuwa zikitutetea. Angeziacha ukutani, akamwomba mwenye data achapishe mistari 15 ya kwanza, akanyamaza. Kuna mtu angeona kwamba mpaka tarehe 12 mambo yanaonekana shwari na kwamba 13 ndipo pa kuanguka. Wa pili angegundua kuwa hata hizo 12, isipokuwa 1 Januari, zimehama mwezi. Kwa dakika tano, kila aliyekuwepo angejua kosa ambalo limo katika faili nyingi za Excel tunazopokea. Software Carpentry, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Greg Wilson na Brent Gorda, huwaonya wakufunzi wake wasiguse kibodi ya mwanafunzi. Onyo hilo ni la kazi hasa, wala si la adabu tu.

Upo pia mpangilio wa data ambao ungelifichua kosa hilo. Nimeisifu Instat, programu ya takwimu, hapa mara nyingi na sitaacha. Roger Stern na wenzake wa Chuo Kikuu cha Reading waliipanga data ya mvua hivi: kila mwaka safu yake, na kila safu nafasi 366, mwaka uwe mrefu au mfupi, ili 1 Machi iwe siku ya 61 daima. Katika mpango huo, siku 221 zikipotea unaona mashimo kwa macho. Wazo hilo limeendelea katika R-Instat, ambayo vijana wa African Maths Initiative hapa Kenya wameijenga. Tunao watu wa kuwaita.

Sifa nyingine za mafunzo ni za haki: kusakinisha vifurushi vya R kwa flashi bila intaneti kulikwenda vizuri, na somo la michoro lilieleweka.

Lakini kosa lile linaniuma, kwa kuwa nimepambana miaka mingi na vibanda vinavyowafanyia wanafunzi sura ya nne ya tasnifu, ile ya matokeo, kwa malipo, kwa programu ya SPSS ya wizi. Mwanafunzi huondoka na majedwali asiyoweza kuyatetea. Siku ile ya pili tulifanya kazi ya kibanda, tofauti ni kwamba hatukutoza. Jioni nilimuuliza yule mtafiti ni amri gani iliyoondoa NA zake. Akasema hakuiona, mkono wa mkufunzi ulikuwa mbele ya kioo. Mchoro alikuwa ameshauhifadhi kwenye tasnifu.