Kibo kwa Lenzi Pana

Anayefika hifadhi ya Amboseli na lenzi ya milimita 16 akitaraji mlima Kilimanjaro uijaze picha yake atarudi na kichuguu. Hesabu haifichi kitu. Kutoka Ol Tukai, ndani ya hifadhi, hadi Kibo, kilele kikuu cha mlima, ni kilometa 45 hivi, na kilele, chenye mita 5,895, kimeipita mbuga kwa mita 4,700 na ushei. Kwenye kihisi cha kamera chenye kimo cha milimita 24, lenzi hiyo inaupa mlima wote chini ya milimita 2. Kwa lenzi ya milimita 200 mlima ungejaza karibu kimo chote cha picha.

Hata hivyo, picha za Kilimanjaro ninazozirudia kuzitazama ni za lenzi pana. Waliozipiga hawakuufuata mlima. Walitafuta kwanza kitu cha karibu chenye uzito wake: shina la mgunga lililokauka, au ukingo wa dimbwi wenye magadi meupe yaliyopasukapasuka. Walikisogelea mpaka kikawa hatua moja tu kutoka kwenye kioo. Hapo ndipo lenzi pana inapofanya kazi yake: inakikuza cha karibu, inakisukuma mbali cha mbali, na jicho la mtazamaji linapata nchi nzima ya kupita kabla ya kufika kwenye theluji. Ukirudi nyuma mita tano tu, picha inakuwa tupu.

Ukali wa picha si tatizo. Kwa lenzi hiyo ya milimita 16 na tundu la f/11, fokasi ikiwekwa sentimita 80, kila kitu kuanzia sentimita 40 hadi Kibo kinatoka vizuri. Tatizo ni upepo. Alfajiri mwanga ni hafifu, shata inakaa wazi muda mrefu, na nyasi zikitikisika tu zinaacha ukungu. Kamera itulie kwenye tripodi, nawe usubiri upepo upoe.

Subira iliyo ngumu zaidi ni ya mwanga. Kwa kuwa kilele kiko juu mno, jua linakigusa dakika nane au tisa kabla ya kuigusa mbuga. Dakika hizo theluji ni ya waridi, na wengi hupiga, hufurahi, hufungasha. Kwa lenzi ndefu wamefanya sawa. Kwa lenzi pana wamepata doa dogo linalong'aa juu ya giza. Picha yenyewe huja jua linapotambaa juu ya nyasi kutoka kushoto, upande wa Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, na magadi yakapata vivuli. Kuchelewa nako kuna hatari: ardhi ikipata joto mawingu hujengeka, na mara nyingi saa nne asubuhi haijafika mlima umeshajifunika.

Ndani ya hifadhi huruhusiwi kushuka garini popote upendapo. Kilima cha Noomotio ni mojawapo ya sehemu chache za kutembea kwa miguu. Kwa hiyo kazi ya kuinama karibu na ardhi huwa rahisi zaidi nje ya mipaka, kwenye ardhi za jamii ya Wamaasai, kwa idhini yao.

Msimu nao una neno. Mwezi wa Juni jua huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki na kuangaza uso wa mlima unaotazama Kenya. Desemba huchomoza kusini zaidi, pembeni kidogo tu ya picha, na miale hupenya kwenye kioo. Hapo mkono au kofia ya kukinga lenzi ni lazima. Kichujio cha polaraiza kivue kabisa: kwenye pembe pana namna hiyo kinaitia anga baka jeusi upande mmoja, na hakuna programu inayolisafisha vizuri.