Mmenyuko au Jibu? Maoni juu ya Tafsiri ya Kanuni za Udukuzi katika Mchezo wa Vita wa Mezani

Tumeletewa rasimu ya kurasa chache na mpenzi mmoja wa michezo ya mezani, naye ameomba maoni yetu juu ya istilahi alizozitumia. Rasimu hiyo ni tafsiri ya kanuni za udukuzi za mchezo uitwao Infinity, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2005 na kampuni ya Corvus Belli ya Hispania. Mfasiri amefuata toleo la nne, la mwaka 2020. Huenda msomaji akashangaa kuona kurasa hizi zikishughulikia vita vya visanamu. Jawabu letu ni kwamba kanuni za mchezo ni sheria kamili kwa wale wanaozifuata. Zikifasiriwa vibaya, wachezaji wawili watagombana jioni ile ile, ilhali kosa la waraka wa kazi laweza kulala jaladani miaka mingi kabla halijamdhuru mtu.

Kwanza tueleze mambo yenyewe. Mchezaji mwenye zamu hutumia amri moja moja kuwatendesha askari wake. Kila anapotumia amri, askari wa upande wa pili wanaomwona yule anayetenda, au walio karibu naye, hupata nafasi ya kutenda jambo lao ijapokuwa zamu si yao. Mdukuzi, yaani askari anayeshambulia mitambo ya adui kwa programu badala ya risasi, hana haja ya kumwona mtu. Yatosha adui awe ndani ya eneo lake, hata kama ukuta umesimama kati yao.

Sasa tuitazame sentensi ambayo ndiyo moyo wa rasimu: "Adui akisogea katika eneo, mdukuzi anaweza kumenyuka, kisha adui atarusha dadu."

Sentensi ni fupi na yasomeka vizuri, lakini kila kipande chake kina ila.

Tuanze na kumenyuka. Neno mmenyuko tunalo tayari katika kemia, na huko limekaa mahali pake. Asidi ikikutana na chuma haichagui, humenyuka tu. Mdukuzi wa mezani huchagua. Hapa hatuwezi kumlaumu mfasiri peke yake, kwa kuwa jina la Kiingereza la tendo hili lina neno lenye maana ya jambo linalojiendesha lenyewe, na wachezaji wapya hudanganyika nalo vilevile. Kwa hakika hakuna kinachojiendesha. Mchezaji asipotangaza, askari wake atabaki amesimama kama mlingoti. Sisi twapendekeza jibu na kujibu, maneno ambayo kila mtu anayo.

Hata hivyo kujibu nako kuna mtego, na mtego huo ndio uliomnasa mfasiri alipoandika kisha. Katika mazungumzo yetu jibu hufuata swali. Katika mchezo huu mambo mawili yametenganishwa: kutangaza na kutendeka. Kutangaza kuna utaratibu: mwenye zamu hutaja tendo la kwanza, wapinzani hutaja majibu, mwenye zamu hutaja tendo la pili, na wale waliopata nafasi wakati huo tu nao hutaja yao. Lakini kutendeka ni kwa pamoja. Askari anayeuawa katika amri ile bado risasi yake imetoka, na mdukuzi anayepigwa bado programu yake imekwenda. Anayesoma kisha ataamini kwamba aliyetangulia kutajwa ametangulia kutenda, naye ataondoa kisanamu mezani kabla ya wakati.

Kiambishi -ki- katika akisogea chazidisha utata. Chaweza kuwa cha sharti na chaweza kuwa cha wakati. Je, nafasi ya kujibu hupatikana anapotangaza kusogea, au akiisha kusogea? Ni pale anapotangaza. Askari akitajiwa mwendo unaopita ndani ya eneo na kutoka upande wa pili, mdukuzi hapotezi nafasi yake kwa kuwa adui "ameshaondoka".

Neno eneo limeachwa peke yake, nayo maeneo ni mawili. Liko eneo la udhibiti, ambalo kila askari analo, nalo ni inchi 8 kumzunguka. Liko pia eneo la udukuzi, ambalo ni hilo la kwanza pamoja na inchi 8 kuzunguka kila kifaa cha upande wake cha kufikisha mawimbi mbali. Mdukuzi aliye pembe moja ya meza aweza kumfikia adui aliye pembe nyingine. Zaidi ya hayo, umbali haupimwi mpaka matangazo yote yamekwisha. Atangazaye kwa kukisia, kisha ikaonekana kuwa adui yu nje, amepoteza tendo lake.

Tumeliacha mwisho neno anaweza, kwa sababu kosa lake twalijua kwa uchungu. Anaweza ni uwezo, au ni ruhusa? Na asipofanya, nini kitafuata? Katika mchezo, aliyekuwa na haki ya kujibu tendo la kwanza akanyamaza hairudishiwi haki hiyo katika amri ile. Sisi wenyewe tuliwahi kufasiri waraka wa kazi tukaandika kwamba mtumishi aliyeshitakiwa "anaweza kutoa maelezo" katika muda uliowekwa. Mtumishi mmoja alinyamaza, akidhani ataitwa baadaye aulizwe. Hakuitwa. Tangu hapo tumejifunza kuandika haki, muda wake, na hasara ya kunyamaza, vyote mahali pamoja.

Kuhusu msamiati uliosalia hatuna mengi. Wizi wa mtandao ufutwe, maana humu hakuna kinachoibwa, na udukuzi umekwisha kuzoeleka. Majina ya programu kama Carbonite na Oblivion yabaki yalivyo. Lakini riseti hatuikubali. Ni tendo la askari aliyelengwa na mdukuzi: hushindana naye kwa dadu ya pande 20, na pengine hulitumia kujitoa katika hali aliyotiwa. Kiswahili kina kujinasua, na sijambo lake ni kubwa kuliko la neno la kukopa.

Basi sentensi ile tumeiandika hivi: "Adui anapotangaza tendo linalomweka ndani ya eneo la udukuzi, mdukuzi ana haki ya kutangaza jibu papo hapo, asipotangaza, amepoteza haki hiyo kwa amri hiyo. Matendo na majibu yote yaliyotangazwa huhesabiwa kuwa yametendeka kwa wakati mmoja."

Imekuwa ndefu mara tatu, na mfasiri amelalamika kwamba haitaenea katika kadi yake. Tumemshauri aongeze ukubwa wa kadi. Kile kifaa cha kufikisha mawimbi bado hakina jina la neno moja linaloturidhisha, na msomaji aliye nalo atuandikie.