Bei Yako Nimeisikia

Kila anayeuza vitu vya kale mtandaoni anaujua ujumbe huu. Hauna salamu wala jina: “Mwisho ngapi?” Hujaujibu, wa pili umeshaingia: “Elfu tano, nakuja kuchukua sasa hivi.” Sarafu yenyewe umeitangaza shilingi 50,000, umeipiga picha pande zote mbili, umeeleza ni ya mwaka gani na ilitoka wapi. Hakuna aliyesoma. Wauzaji wengi wa leo wana majibu mawili tu kwa mtu wa namna hiyo: kumtukana, au kumfungia asiandike tena. Kila nikiyaona majibu hayo huhisi kwamba tumepoteza kitu kikubwa. Kumjibu mtu anayekutolea bei ya kuokota ni kazi ya ufundi, na walikuwapo watu katika miji yetu walioijua kazi hiyo barabara.

Fundi niliyemjua mimi alikuwa mzee wa Mji Mkongwe, Unguja, mwenye kiduka chembamba cha vitu vya kale. Mlikuwa na makasha ya njumu, mabuli ya shaba, saa za ukutani zilizokwisha kusimama, na sarafu. Sarafu ndizo alizozipenda. Hakuzipanga ndani ya kioo kama wenzake. Alizifunga moja moja katika vitambaa vya pamba. Mteja akiulizia, alikifungua kitambaa taratibu, akaiweka sarafu kiganjani mwake mteja. “Ishike ukingoni, bwana. Uso wake usiuguse.” Hapo bei haijatajwa bado, na mnunuzi keshafundishwa kwamba alichokishika kina heshima yake.

Nakumbuka mgeni mmoja kutoka Maskati, Kiswahili chake cha Unguja kabisa, cha watu walioondoka hapa wakiwa watoto. Alipendezwa na heller 20 ya mwaka 1916, sarafu ya Wajerumani yenye taji upande mmoja na herufi D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani.

“Ngapi hii, mzee wangu?”

“Elfu hamsini.”

“Nikupe elfu tano.”

Mzee hakukunja uso. Hakuapa kwamba yeye mwenyewe kainunua kwa zaidi ya hapo, kiapo ambacho wafanyabiashara wengi hukitoa bila hata kupepesa macho. Alisema tu, “Bei yako nimeisikia. Kaa kwanza unywe kahawa.” Kikombe kilipofika mkononi mwa mgeni, ndipo alipouliza: “Umeipendea nini?”

Swali hilo ndilo lililobeba ufundi wake wote. Anayebahatisha hana la kulijibu. Atazungushazunguka maneno, kisha ataaga. Aliyependa kweli ataanza kuzungumza, na akishazungumza amekwisha kukiri kwamba kitu kile kina thamani kwake. Mgeni wetu alisema babu yake alifanya biashara Tabora. Mzee akatabasamu, akaigeuza sarafu ipate mwanga wa mlangoni, akamwonyesha herufi T ndogo. “Basi umeshika kitu cha mji wa babu yako. T hiyo ni Tabora.”

Akamsimulia. Vita Kuu imepamba moto, manowari za Waingereza zimeifunga pwani, fedha haziji tena kutoka Ujerumani, na wakubwa wa koloni wana askari wa kulipa na vyakula vya kununua. Wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Shaba waliitoa katika maganda ya mizinga na chochote kilichopatikana. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia mjini, na kazi ikaishia hapo. Ndiyo maana sarafu zile zina sura ya haraka: kingo hazikwenda sawa, maandishi mengine yamefifia tangu siku ya kwanza.

Kisha akasema jambo ambalo silisikii tena kwa wauzaji. “Lakini nisikudanganye, bwana. Hizi zilipigwa nyingi, zaidi ya milioni. Adimu ni ile ya dhahabu, ya rupia 15, yenye tembo. Ile ilizidi elfu kumi na sita kidogo tu. Hii bei yake ni uzima wake. Haijasuguliwa, na T yake inasomeka.”

Mgeni akapanda mwenyewe hadi elfu ishirini. Mzee akashuka hadi arubaini na tano. Wakanywa kahawa, wakaulizana habari za watu wa Tabora waliohamia Maskati. Mgeni akainuka, akafika mlangoni. Mzee hakumwita. Alikuwa akisema kwamba ukimwita mteja aliyekwisha kugeuka, umeiuza heshima yako pamoja na mali. Akawa anakikunja kitambaa polepole, kama mtu asiye na haraka ya kitu chochote. Mgeni akarudi, wakapatana thelathini na tano.

“Nimekuuzia.”

“Nimekubali.”

“Mungu aitie baraka.”

Nimeyafikiria sana mapatano yale. Bei ilipanda kutoka 5,000 hadi 35,000 pasipo neno baya hata moja, na kilichoipandisha ni maarifa. Na ile 50,000 ilishuka kwa sababu hiyohiyo: mwenye kujua analazimika pia kukiri. Mgeni aliondoka na sarafu, na aliondoka na habari zake, ambazo naamini amewasimulia wanawe.

Mzee hakuihesabu bei ndogo kuwa tusi. Aliniambia kwamba anayeitoa huwa hajui, au hana, au anakujaribu. Asiyejua hufundishwa. Asiye na kitu huonewa huruma, na pengine huonyeshwa sarafu nyingine anayoimudu. Anayekujaribu hungojwa tu, kwani mwenye haraka ni yeye. Kuwatofautisha watatu hao kulihitaji macho, subira na kahawa. Ujumbe wa maneno mawili hauonyeshi uso wa mtu. Ndiyo maana leo sote tunawaona wanunuzi kuwa ni wale wanaojaribu, nasi tunawajibu kwa hasira.

Alikuwa mkali zaidi kwa wauzaji kuliko kwa wanunuzi. Mtu huja na riale ya Maria Theresa, anaona imeandikwa 1780, basi anataka bei ya kitu cha karne ya kumi na nane. Riale hizo ziliendelea kupigwa zikiandikwa mwaka huohuo mmoja vizazi na vizazi baada ya malkia huyo kufa, Vienna na kwingineko. Mwingine huja na senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, yenye tundu katikati na jina la Edward VIII, mfalme ambaye hakutimiza hata mwaka kwenye kiti. Hadithi yake ni tamu, lakini senti hizo zilitoka kwa mamilioni. Muuzaji anayetaja bei pasipo kuyajua hayo anabahatisha sawasawa na yule wa elfu tano, na siku hiyo huenda wa elfu tano ndiye mwenye haki.

Kilichomhuzunisha kupita vyote ni usuguaji. Nilimwona siku moja ameshika pesa ya shaba ya Sultani Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ile iliyochorwa mizani upande mmoja. Mwenye nayo alikuwa ameisugua kwa limau na majivu hadi ikang’aa kama imetoka dukani jana. Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Ile rangi ya hudhurungi iliyojengwa na mikono ya watu kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imeondolewa asubuhi moja, na hakuna pesa inayoweza kuirudisha. Leo picha nyingi ninazoziona mtandaoni ni za sarafu zilizosuguliwa namna hiyo, na chini yake muuzaji ameandika kwa majivuno: “Safi kabisa.”

Siukatai mtandao. Mtu aliyeko Unguja anaweza sasa kumpata mkusanyaji wa Hamburg aliyeitafuta heller ya Tabora kwa miaka. Anaweza kuangalia sarafu kama yake ziliuzwa kwa kiasi gani hasa, maana bei iliyotangazwa na bei iliyolipwa ni vitu viwili mbalimbali. Mzee angeifurahia elimu hiyo. Lakini mtandao huohuo umetuletea njia ya kukataa bila kuzungumza. Kwenye eBay muuzaji anaweza kuweka kiwango, na ofa yoyote iliyo chini yake ikakataliwa na mashine, hata kusomwa isisomwe. Muuzaji ameepushwa na usumbufu, ni kweli. Ila mnunuzi hakuambiwa sababu, na kesho atampelekea mwingine elfu tano ileile.

Mimi hujaribu kumfuata mzee kwa kadiri simu inavyoruhusu. Humsalimu mtu hata kama hakunisalimu. Humwambia bei yake nimeisikia, nikamweleza kwa sentensi mbili ninachokiuza, nikamtajia ninapoweza kufika, kisha humuuliza kilichomvutia. Wengi hunyamaza. Wachache hujibu, na katika hao wachache nimepata watu wanaozijua sarafu za pwani hii kuliko nizijuavyo mimi. Kila mwaka wanapungua.

Mzee alipofariki, sarafu zake ziliuzwa zote kwa siku moja. Watoto wake walikuwa na shughuli zao, kila mmoja mji wake, na hakuna aliyewahi kukaa dukani akasikiliza. Mtu fulani aliandika kutoka mbali, akataja bei moja kwa zote, kwa uzito, na akasisitiza ajibiwe kabla ya jioni. Akajibiwa. Vitambaa vya pamba vilitupwa, kwa kuwa mnunuzi alisema havimsaidii.

Simlaumu aliyenunua, alitoa bei yake kama wengi wanavyotoa, ikakubaliwa. Siwalaumu sana hata warithi, kwani hakuna aliyewaomba wajifunze, na duka lilionekana kwao kuwa kiduka cha takataka za mzee. Lakini tujue kinachotokea. Vitu vya pwani yetu vinatoka mmoja mmoja, rupia, pesa, heller, stempu, makasha, na vinatoka kwa bei iliyotajwa na mtu wa upande mmoja tu. Tunalalamika kwamba watu wanatupa bei ya kuokota. Bei hiyo wanaweza kuitaja popote duniani. Inakubaliwa pale tu ambapo mwenye mali hawezi tena kueleza alicho nacho, na katika nyumba zetu nyingi tumekwisha kufika hapo.