Kisumu hadi Ziwa Turkana: Hesabu ya Safari ya Jangwani

Kutoka Kisumu hadi Lodwar ni takriban kilomita 450, na karibu zote ni za barabara moja, A1, inayopita Kakamega, Webuye, Kitale na Kapenguria, kisha ikajipenyeza kwenye korongo la Marich na kutokea katika nyanda kavu za Turkana. Umbali huo peke yake haumtishi dereva wa Kisumu. Kazi iko katika kuoanisha mwanga wa mchana, mafuta na maji, kwa sababu gari likichelewa jangwani maji hupungua, na maji yakipungua dereva hufanya haraka mahali pasipotaka haraka. Ndiyo maana mpango mzuri wa safari hii hauanzii Kisumu. Huanzia kwenye kipande kigumu kuliko vyote, kati ya Marich na Lokichar, kisha hesabu ikarudishwa nyuma hadi saa ya kuondoka nyumbani.

Kipande hicho kinapita Kainuk, mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana, eneo lililosumbuliwa kwa miaka mingi na wizi wa mifugo na uvamizi wa magari. Februari 2023 serikali ilipeleka wanajeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita za Bonde la Ufa kaskazini, hizo mbili zikiwamo. Hali hubadilika, na anayeijua ni aliyepita jana: polisi wa Marich na Kainuk, madereva wa malori, makondakta wa Kitale. Jambo lisilobadilika ni kwamba hapapitwi usiku. Ikiwa Kainuk inatakiwa kupitwa kufikia saa nne asubuhi, ili Lodwar ifikiwe saa nane au tisa alasiri hata kukiwa na pancha moja, basi Kitale inaachwa saa kumi na mbili na nusu, jua linapochomoza. Hapo jibu limepatikana: usiku wa kwanza hulalwa Kitale. Kuondoka Kisumu usiku wa manane ili kufika Lodwar siku hiyohiyo kunawezekana, ila dereva atakuwa amechoka saa ileile anayohitajika zaidi. Kulala Kitale kunaacha pia mchana mzima wa kununua chakula na kulitazama gari baada ya kilomita zake 150 za mwanzo.

Kapenguria, mji wa kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake ya 1952 na 1953, ndipo mahali pa mwisho penye ubaridi. Kutoka hapo barabara inateremka zaidi ya mita 1,000 kwa kona kali. Gari lililobeba mafuta na maji ya akiba ni zito, na dereva anayekanyaga breki mteremko mzima atazichemsha hadi zishindwe kushika. Hushukwa kwa gia ndogo, injini ikilizuia gari, breki zikiguswa tu kwenye kona. Milima hiyo pia humeguka wakati wa mvua. Maporomoko ya Novemba 2019 katika Pokot Magharibi yaliua makumi ya watu na kukata barabara hii. Kwa hiyo katika Machi hadi Mei, na tena Oktoba na Novemba, ratiba huwekewa siku moja ya ziada.

Baada ya Marich hatari ya maji hugeuka sura. Lodwar hupata mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka, na mabonde ya mito, yaani laga, huonekana kama njia za mchanga mtupu. Mvua iliyonyesha milimani Cherangani inaweza kuteremka kupitia laga hizo huku mbingu ya Turkana ikiwa nyeupe bila wingu. Anayesafiri hapigi kambi ndani ya laga, hata kama kivuli cha miti yake kinavutia, wala haingizi gari kwenye maji ya matope ambayo hajaona mtu akiyavuka kwa miguu. Mafuriko mengi ya laga hushuka baada ya saa chache. Kungoja ukingoni hugharimu chai na subira. Kuingia kwa pupa hugharimu gari zima, na pengine uhai.

Mafuta hupigiwa hesabu kana kwamba Lodwar hakuna kituo hata kimoja, ingawa vipo. Tuseme gari la dizeli linakula lita 12 kwa kilomita 100 za lami. Kitale hadi Lodwar na kurudi, kilomita 600 hivi, ni lita 72. Kutoka Lodwar hadi Eliye Springs, ufukweni mwa ziwa, na kurudi ni kama kilomita 130, na mchanga unaweza kupandisha ulaji hadi lita 20 kwa kilomita 100, yaani lita 26 nyingine. Jumla ni 98. Robo ya akiba huifikisha 123. Tangi la lita 90 na jerikani mbili za lita 20 zinatosha, zikijazwa Kitale. Jerikani hizo hufungwa kwa mikanda juu ya fremu ya chuma iliyochomelewa, kazi ambayo mafundi wa jua kali wa Kisumu wanaiweza vizuri. Kamba ya katani hulegea kwa mitikisiko.

Tairi ndizo zinazotofautisha aliyejiandaa na aliyebahatisha. Upepo hupimwa alfajiri, mpira ukiwa baridi; anayeupunguza mchana kwa kuona umezidi atakuta tairi limelegea asubuhi, na tairi legevu kwenye lami ya moto hupasuka ubavuni. Kwenye mchanga wa Eliye mambo ni kinyume. Upepo wa pauni 35 hushushwa hadi 18 au 20, tairi litandazike na kukanyaga eneo kubwa. Gari likizama, kuongeza mafuta huchimba shimo tu. Huchotwa mchanga mbele ya magurudumu yote manne kwa koleo, jeki huwekwa juu ya kibao kipana, mawe au matawi huingizwa chini ya tairi, ndipo gari linatoka polepole kwa gia ya pili. Pampu hubebwa kwa sababu upepo ulioshushwa lazima urudishwe kabla ya kugusa lami.

Maji ya kunywa ni lita 5 kwa mtu kwa siku, bila kuhesabu ya kupikia wala ya rejeta. Watu wanne kwa siku nne ni lita 80, zikigawanywa katika mitungi kadhaa ili mmoja ukipasuka usimwage yote. Ziwa lenyewe halimo katika hesabu hii, maana maji yake yana magadi. Msafara wa Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel, uliotoka Pangani ukiwa na mfanyabiashara Mswahili Jumbe Kimemeta na wapagazi wa pwani, ulilifikia Machi 1888 ukiwa na kiu kali, na wapagazi waliokimbilia maji waliyakuta si ya kukata kiu. Karibu karne moja baadaye, mapema miaka ya 1980, Norway iligharamia kiwanda cha kugandisha samaki huko Kalokol. Kilifanya kazi siku chache tu: kugandisha samaki katika joto lile kulikula pesa nyingi mno, na maji safi hayakutosha. Baadaye Ghuba ya Ferguson iliyokitegemeza ikakauka. Kosa lilikuwa lilelile la wasafiri: barabara na samaki vilihesabiwa, maji yakasahauliwa.

Wengi hupenda kuunganisha ufuko wa magharibi na Loiyangalani, upande wa mashariki. Ramani hudanganya hapa. Kusini mwa ziwa kuna volkano ya Teleki na bonde la Suguta, na hakuna barabara ya gari la kawaida inayovuka. Njia ya Lokori na Kapedo nayo imekuwa na usalama mbaya kwa muda mrefu. Loiyangalani ni safari ya pekee kutoka Kisumu, kupitia Nakuru na Isiolo hadi Laisamis, kisha kilomita 208 za barabara iliyoimarishwa ili kupitisha mitambo 365 ya umeme wa upepo. Huko ni mawe ya volkano, si mchanga, na upepo wa tairi haushushwi kama Eliye. Badala yake hubebwa spea mbili.

Ratiba nzima, yenye mahali pa kulala na saa ya kupiga simu, huachwa kwa mtu mmoja nyumbani Kisumu, kwa kuwa mtandao hukatika kati ya miji. Kurudi hufuata hesabu ileile kinyume chake. Eliye huachwa siku iliyotangulia, usiku hulalwa Lodwar, chujio la hewa hukung'utwa vumbi na nati za magurudumu hukazwa, na gari huondoka alfajiri ili Kainuk ipitwe kabla ya adhuhuri.